Visa ikibadilika, ushuru pia unabadilika

Nakuru tunajua kumchangia msee nauli ya Marekani. Tunamwombea, tunamsindikiza hadi JKIA. Stori ya ushuru? Hakuna anayeitaja.

Cheki: ukiwa na visa ya masomo ya F-1, kwa kawaida siku zako hazihesabiwi kwenye kipimo cha siku 183 kwa miaka 5 ya kwanza ya kalenda. Ukihamia H-1B ya kazi, hesabu inaanza. Ukishafikisha, IRS inakuchukua kama mkaazi: unatangaza mapato yote ya duniani, hata kodi unayopokea kwa nyumba yako ya Lanet.

Kwa maoni yangu, kamati ya harambee itenge pia pesa za mhasibu. Mtumie hii rafiki yako anayeruka Agosti.