Sinema ya Mwuguzi

Wako watu katika pwani yetu, tangu Kilifi hata Malindi, wachukiao kumwona mwuguzi akitazama sinema. Arudipo kutoka zamuni, akajinyosha mkekani na simu mkononi kutazama picha ya mapenzi au ya vita, husema kwamba mtu aliyesomeshwa vile hakupaswa kupoteza wakati kwa upuuzi. Mimi nasema maneno hayo hayana haki.

Kwanza, hukumu hiyo haimpati kila mtu. Mvuvi akishapandisha ngalawa yake huketi kucheza bao hata magharibi, wala haulizwi bao limemfunza nini. Mgema ashukaye mnazini akazungumza na wenziwe chini ya mwembe haitwi mvivu. Ya nini basi haki ya kupumzika ikome kwenye lango la hospitali? Nashuku sababu ni kwamba wauguzi wengi ni wanawake, na mwanamke aketiye nyumbani bila kazi mkononi hudhaniwa ameiba saa za mtu mwingine.

Kisha tazama kazi yenyewe. Mwuguzi hupokea mtoto anayetetemeka kwa malaria, mkulima aliyeumwa na nyoka, mzazi ambaye uchungu wake umekawia. Mwaka 2023, msitu wa Shakahola ulipofukuliwa ikatoka miili zaidi ya 400, hospitali ya Malindi ilipokea maiti, ikapokea na waliookolewa wakiwa taabani kwa njaa. Waliowahudumia walikuwa na macho na mioyo kama yetu, na zamu ilipokwisha walirudi makwao.

Lakini je, zamu hukwisha? Saa ikifika, mwuguzi humwachia mwenziwe mgonjwa ambaye hajui kama atamkuta kesho. Siku zake zote ni visa vilivyokatwa katikati. Sinema ina mwisho. Katika muda wa saa moja na nusu atajua nani ameolewa, nani amekamatwa, nani amepona. Na akishajua, aweza kulala. Aijuaye kazi ile hawezi kukiita kitu hicho upuuzi.

Wengine, wajionao wapole, husema: na atazame, ila picha za mafunzo. Shauri hili ni kuukuu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza picha za kumwelimisha Mwafrika, juu ya minyoo ya safura, kodi na akiba ya posta, wakazizungusha kwa lori katika Afrika Mashariki. Safura ni adui wa kweli, nami siwacheki waliopigana nayo. Lakini mtu aliyeshinda wodini akiwahimiza watu wanawe mikono, ahubiriwe tena kunawa mikono nyumbani kwake?

Neno moja la wapinzani nalikubali: sinema isile usingizi wa mtu atakayeshika sindano alfajiri. Hilo ni jambo la kiasi, na mwenye kukipima ni yeye, si jirani achunguliaye dirishani.

Baadhi yenu msomao haya mtakuwa wauguzi. Walio wengi mtakuwa majirani zao. Jirani atakaye kusaidia amchotee ndoo ya maji, au amchukue mtoto aliaye, picha ipate kwisha kabla ya adhana ya magharibi.