Skrini mbili kubwa, na tundu moja dogo ninalolipigania



Najua nimeadimika, na najua wengi mmezoea kunikuta hapa nikilumbana kuhusu siasa na magazeti yetu. Leo tuachane na hayo. Nataka kuzungumzia dashibodi ya ndege. Usicheke. Ninayo sababu, na sababu yenyewe ni roho yangu.

Hapa Wisconsin ninakoishi nina jirani mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye huu ni mwaka wa nane anaunda ndege ndani ya gereji ya nyumba yake. Ndege kweli, si ya kuchezea. Ni ya watu wawili wanaokaa bega kwa bega, ya aluminiamu, aina ya RV-7 inayouzwa kwa vipande na kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon. Vipande vinakuja kwenye makasha, yeye anavipiga ribiti kimoja baada ya kingine, mkewe akishikilia upande wa pili. Sheria za Marekani zinamruhusu, ilimradi sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, imefanywa na watu wanaojiundia wenyewe kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Mkaguzi akiridhika, ndege inapewa cheti cha majaribio na kuwekewa tangazo la kumwonya abiria kwamba chombo hiki hakikutengenezwa kwa kufuata masharti ya ndege za kiwandani.

Abiria huyo ni mimi. Baada ya saa za majaribio, ambazo kwa kawaida ni 25 au 40 kutegemea injini na propela iliyofungwa, na ambazo hairuhusiwi kubeba mtu wa kutalii, mzee amesema kiti cha kulia ni changu. Nilipomweleza mama kwa simu, alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Mwanangu, ndege ya kuundwa gereji?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe nilikusomesha?"

Basi bwana, wiki iliyopita nilimkuta mzee amefika kwenye dashibodi. Alikuwa amekata kadibodi kwa umbo la dashibodi yenyewe, akaibandika mahali pake, na juu yake akabandika picha za skrini mbili za inchi 10. Amekaa kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani, anatoa sauti ya injini kwa mdomo. (Waundaji wengi hufanya hivyo, na ni jambo la busara. Afadhali ukate kadibodi mara kumi kuliko bati mara moja.) Kila skrini ina upana wa kama sentimita 27. Ndani ya RV-7 upana wote ni kama sentimita 109, kwa hiyo hizo mbili tu zimemeza nusu ya dashibodi. Katikati redio, kulia swichi na fyuzi. Nafasi imekwisha.

Mkewe akaja na kahawa, akatazama, akauliza swali moja. "Zikizima zote?"

"Haziwezi kuzima zote," mzee akajibu.

Mimi ni mwandishi wa habari. Mtu akiniambia jambo fulani haliwezekani, usingizi unaniruka.

Kabla sijaendelea, nitoe haki kwa skrini hizi, maana kuna wazee wa viwanja vidogo wanaozisema vibaya kwa sababu tu wao walikulia kwenye mita za mshale. Dashibodi ya zamani ilikuwa na mita sita za duara mbele ya rubani: mwendo, mlalo wa ndege, kimo, kupinda, uelekeo, na kasi ya kupanda au kushuka. Rubani alitakiwa azizungushie macho bila kupumzika na kuunganisha picha kichwani mwake. Skrini inamuunganishia. Chini ya hiyo picha unapata ramani, ndege nyingine zilizo jirani, hali ya hewa. Na kubwa kuliko yote kwangu ni injini. Skrini inaonyesha joto la kila silinda peke yake, mafuta yanayotumika kwa saa, shinikizo la oili, na inapiga kelele kitu kikitoka kwenye mstari. Halafu inahifadhi kumbukumbu. Mzee akitua anaweza kukaa na kompyuta na kuona silinda ya tatu ilianza kupata joto dakika gani. Kwa ndege mpya ambayo hakuna mtu amewahi kuirusha, hilo ni jambo kubwa sana.

Na bei. Ndege ya kiwandani ikifungwa kifaa lazima kifaa kiwe kimeidhinishwa, na kuidhinishwa ni pesa. Ndege ya kujiundia haina sharti hilo kwa vifaa vingi. Ndiyo maana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni kama Dynon ya jimbo la Washington ziliwauzia waundaji wa gereji skrini kwa bei ambayo wenye Cessna waliitamani kwa macho tu. Mambo yaligeuka mwaka 2016, chama cha waundaji, EAA, kilipopata kibali cha kufunga skrini ndogo ya Dynon kwenye baadhi ya ndege za kiwandani. Ukienda maonyesho yao ya Oshkosh mwezi wa Julai, ambako ndege zaidi ya elfu kumi hushuka kwenye eneo hilo kwa wiki moja, utaona dashibodi za kujiundia zinazoifanya ndege ya kukodi ionekane kama redio ya babu.

Sasa ubaya uko wapi?

Mita zile za zamani zilikuwa na akili moja ambayo watu wanaisahau. Mita ya mlalo na ya uelekeo ziliendeshwa kwa hewa inayofyonzwa na pampu iliyofungwa kwenye injini. Mita ya kupinda iliendeshwa kwa umeme. Mita ya mwendo na ya kimo hazikuhitaji chochote zaidi ya hewa ya nje inayoingia kwenye mirija. Pampu ikifa, umeme upo. Umeme ukifa, pampu ipo. Hakuna aliyeziita za kisasa, ila zilikuwa haziugui ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja.

Skrini mbili za mzee zinakula chungu kimoja: oltaneta moja, betri moja kubwa. Yeye anasema kila mfumo una betri yake ndogo ya akiba, na ni kweli, hizo betri zipo na zinaweza kuibeba skrini kwa kama saa moja. Lakini betri ya akiba ni kama taa ya chemli iliyo juu ya kabati. Unajua ipo. Lini uliijaza mafuta? Inatakiwa ipimwe, kila mwaka angalau, na siku unayoihitaji si siku ya kugundua kwamba imezeeka.

Tena hata tukisema umeme upo, skrini hizo mbili ni za kampuni moja, programu moja, zinazungumza kwa waya mmoja na kusikiliza vihisio vilevile. Vihisio vya mlalo na uelekeo lazima vikazwe sawasawa kwa mstari wa ndege, na kile cha sumaku kikae mbali na vyuma na nyaya zenye umeme mwingi, ndiyo maana wengi hukipeleka mkiani au kwenye ncha ya bawa. Ukikosea hapo, skrini zote mbili zitakuonyesha kosa lilelile, kwa rangi nzuri, zikiungana mkono. Mtu wa kawaida akiona mashahidi wawili wanasema neno moja anaamini. Sisi waandishi tunajifunza kuuliza kwanza kama mashahidi hao walisimuliwa na mtu mmoja.

Mfano wa mrija wa mwendo. Ni kijirija kinachochungulia mbele chini ya bawa, kinapokea upepo. Tarehe 6 Februari 1996 ndege kubwa ya kampuni ya Birgenair ilianguka baharini baada ya kuondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, watu 189 wakafa. Mrija mmoja ulikuwa umeziba, na kilichoshukiwa zaidi ni nyigu waliojenga humo ndege ikiwa imeegeshwa bila kifuniko. Nyigu! Na ndege hiyo ilikuwa na mirija zaidi ya mmoja. RV ya mzee ina mmoja. Baadhi ya mifumo hii hutumia mwendo wa hewa hata kukokotoa mlalo wa ndege, na mwendo ukipotea inageukia setilaiti. Kwa hiyo mrija ukiziba si namba moja tu inayoyumba.

Halafu kuna suala la macho. Tarehe 5 Mei 2007 Kenya Airways namba 507 iliondoka Douala usiku kuelekea Nairobi, ikaanguka muda mfupi baadaye, watu 114 wakapotea. Wengi wetu tunaikumbuka siku ile. Ilikuwa Boeing 737-800, haijatimiza mwaka mmoja kazini, imejaa skrini. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 ulisema rubani alipoteza mwelekeo gizani, ndege ikainama kulia polepole, hakuna aliyefuatilia vyombo, wakidhani rubani wa mitambo ameshika. Skrini zilikuwepo zinasema. Sitaki kuwalaumu marehemu. Nasema tu kwamba ukubwa wa kioo haumlazimishi mtu kukitazama.

Mwaka huohuo wa 2010 bodi ya Marekani ya usalama wa usafirishaji, NTSB, ilitoa utafiti wa ndege ndogo zaidi ya 8,000 zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2006. Zenye skrini zilipata ajali chache kwa jumla, lakini kiwango chake cha ajali zenye vifo kilikuwa kikubwa zaidi. Mzee alinijibu, na alikuwa na haki, kwamba hizo ni ndege za kiwandani, na wenye skrini walikuwa wanakwenda safari ndefu na kuingia kwenye mawingu. Sawa mzee. Ila bodi yenyewe ilielekeza kidole kwenye mafunzo. Na utafiti wao wa 2012 ulikuta kwamba ndege za kujiundia ni kama asilimia 10 ya ndege za kiraia zisizo za mashirika, lakini mwaka 2011 zilichukua asilimia 21 ya ajali zenye vifo. Hapo si mahali pa kujifunzia menyu za skrini ukiwa hewani, tena kwa kidole kinachorukaruka kwenye upepo mbaya. Mimi hata simu ndani ya basi nabonyeza sipo.

Nilichomwomba ni kidogo. Skrini aziweke, zote mbili kama roho inapenda. Lakini karibu na ile ya kushoto, usawa wa macho, akate tundu moja la duara la milimita 79, kipimo kilekile cha mita za zamani, aweke chombo kidogo cha kampuni nyingine, chenye vihisio vyake ndani na betri yake. Vipo. Garmin G5, iliyotoka mwaka 2016, inaingia humo humo, na betri yake inafika saa nne. Mrija utabaki mmoja, basi auvishe kifuniko kila akitua, na akiwa anakimbia barabarani alinganishe mwendo wa mrija na wa setilaiti kabla magurudumu hayajanyanyuka.

Gharama yake? Skrini ya kulia ihamie kulia zaidi, ubavu mmoja wa chuma nyuma ya dashibodi ukatwe na kuimarishwa upya. Siku mbili za kazi, anasema, na dashibodi itakosa ulinganifu. Neno ulinganifu kalitaja mara tatu. Mwalimu wa hesabu huyo.

Jana mkewe alinitumia picha ya kadibodi. Kuna duara limechorwa kwa penseli kando ya skrini ya kushoto. Limefutwa. Halafu limechorwa tena, kwa kalamu ya wino.