Watu wawili hawajazi saa 168

Katika miji inayokua kandokando ya barabara kuu, tuseme Mariakani, Mlolongo au Salgaa, biashara ndogo zisizofunga milango usiku si jambo geni. Kuna kituo cha petroli chenye pampu mbili, duka la dawa, na mkahawa wa madereva wa malori. Wenye biashara hizi hujigamba kwamba wafanyakazi wao hupokezana zamu. Ukichunguza, aghalabu utakuta zamu zenyewe ni za watu wawili. Mmoja huingia saa kumi na mbili asubuhi, mwenzake humpokea saa kumi na mbili jioni, na hivyo ndivyo mwaka unavyokwisha.

Hesabu ya jambo hili haimshindi mwanafunzi wa darasa la sita. Juma lina saa 168. Wakigawana wawili, kila mmoja ana saa 84. Agizo la Jumla la Kudhibiti Mishahara la mwaka 1982 lasema kwamba juma la kawaida la kazi lisizidi saa 52 zilizotandazwa katika siku sita, na kwa wanaofanya kazi usiku lisizidi saa 60. Hata saa za ziada zina mpaka. Katika majuma mawili, za kawaida na za ziada zikijumlishwa, zisizidi 116, au 144 kwa wanaokesha. Hawa wetu hufikisha 168. Fauka ya hayo, kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa kila mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Wao hawana hata hiyo.

Kisha huja siku ya kubadilishana, ambayo matajiri wengi hawaizungumzii. Ili wa mchana ahamie usiku, ama aunganishe zamu na kusimama saa 24 mfululizo, ama wagawane mzigo wa saa 18 kila mmoja. Huyo ndiye anayetarajiwa kupima dawa za watoto au kuhesabu noti za petroli alfajiri.

"Lakini wamekubali wenyewe," tajiri atasema. Bila shaka wamekubali. Mwenye njaa hukubali mengi. Hata hivyo, kifungu cha 26 cha sheria hiyo hiyo kinaeleza kwamba masharti yaliyomo ni ya kiwango cha chini kabisa. Mkataba unaweza kumwongezea mfanyakazi haki, si kumpunguzia. Tena saa za kazi ni miongoni mwa mambo ambayo kifungu cha 10 kinataka yaandikwe, na zikibadilishwa mwajiriwa ashauriwe kwanza na kuarifiwa kwa maandishi. Mwajiri asiyeweza kutoa maandishi hayo mahakamani, mzigo wa kuthibitisha humwangukia yeye. Ratiba iliyomo kichwani mwa tajiri haitamsaidia huko.

Yapo pia malipo. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na za siku ya mapumziko mara mbili. Mfanyakazi wa mchana wa saa 12 kwa siku saba ana saa 52 za kawaida, saa 20 za ziada zinazolipwa kama 30, na saa 12 za siku ya mapumziko zinazolipwa kama 24. Jumla ni malipo ya saa 106, zaidi ya mishahara miwili! Kwa hiyo urahisi wa kuajiri wawili badala ya wanne hautokani na ujuzi wowote wa biashara. Watokana na kutolipa.

Watatu je? Kila mmoja atapata saa 56, bila siku ya kupumzika. Hawatoshi pia. Wanne ndio wanaotosha, na mpango wao si mgumu: asubuhi mbili, alasiri mbili, usiku mbili, kisha siku mbili nyumbani, kwa zamu za saa nane. Katika siku saba zozote hakuna atakayepita saa 48. Mwendo huo wa kutoka asubuhi kwenda alasiri, hatimaye usiku, mwili huuzoea kwa urahisi kuliko ule wa kurudi nyuma.

Najua duka la faida ndogo haliwezi kulipa wanne. Basi na lifungwe saa nne usiku. Biashara ambayo haiwezi kukesha kwa gharama yake yenyewe haina haki ya kukesha kwa gharama ya usingizi wa kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi.

Wala walimu wasidhani kwamba nazungumzia madukani tu. Shule nyingi za kibinafsi ni biashara ndogo, na langoni mwa baadhi yazo hukaa bawabu mmoja anayelinda saa 12 kila usiku, siku saba kwa juma, muhula hadi muhula. Mwalimu wa hisabati anaweza kulipa darasa lake zoezi la kupanga ratiba ya lango hilo kwa mujibu wa sheria, kisha majibu yapelekwe kwa mwenye shule.