Tatu kwa tano si alama ya mtihani

Wasee, mwezi jana binamu yangu anayeishi Colorado, Marekani, aliniandikia. Marafiki zake walikuwa wanaenda kuteleza kwa skii milimani, mbali na zile sehemu zenye walinzi. Ripoti ya siku hiyo ilisema hatari ya maporomoko ya theluji ni 3 kwa 5. Akaniuliza, "Hiyo si ni wastani tu?"

Zii. Sisi tumelelewa na mitihani, tukiona 3 kwa 5 tunajua tumepita. Lakini kwa kipimo hicho, 3 inamaanisha theluji inaweza kuporomoka yenyewe, na ukiikanyaga kuna uwezekano mkubwa ushuke nayo. Ikifika 4 au 5 wengi huogopa na kubaki nyumbani. Ikiwa 3 wanatoka, na ndiyo maana inaua wengi.

Tena watu hudhani mlima ndio unawavamia. Ukweli ni kwamba wengi wanaofunikwa, poromoko limeanzishwa na wao wenyewe au mtu wa kundi lao. Theluji hulala kwa matabaka. Colorado tabaka la chini mara nyingi ni legevu, chembe zake kama sukari. Upepo ukirundika theluji mpya juu yake kwenye mteremko wa digrii 30 hadi 45, mtu mmoja anatosha kuiangusha. Kuona wengine wamepita hapo asubuhi hakusaidii. Pengine wewe ndiye wa kumi, na ndiye unayegusa pale palipo dhaifu.

Ukifunikwa, una kama dakika kumi hivi za matumaini mazuri. Helikopta haitafika. Watakaokuokoa ni wale mliokuja nao, kama wana kifaa cha kunasa ishara yako, fimbo ya kupimia na koleo. Binamu yangu hakuwa na hata kimoja. Nikamwambia abaki.

Akabaki. Wenzake wakaenda, wakarudi salama, wakaposti video kali, wakamcheka. Jioni akanipigia amekasirika: "Umeona? Hakukuwa na kitu."

Hapa ndipo msimamo wangu uko, na sitauondoa. Kurudi salama hakuthibitishi kwamba uliamua vizuri. Ukivuka Thika Road ukiangalia simu na ufike ng'ambo, utasema ulivuka vizuri? Mlima hausahihishi karatasi yako. Unaweza kukosea mara ishirini bila kuambiwa, na kila mara unazidi kujiamini.

Na sisi tunachangia. Hata hapa kwetu, aliyefika Point Lenana tunampa moyo na pongezi, lakini aliyegeuka njiani kwa sababu kichwa kinamuuma na hali ya hewa imeharibika tunamuita mwoga. Mimi nataka kuona video za waliogeuka. Nitakuwa wa kwanza kulike.

Binamu yangu sasa amejiandikisha kwa mafunzo ya usalama wa theluji. Bado amenikasirikia kidogo. Ni sawa, acha anikasirikie akiwa hai.