Acheni Kuhesabu Kurasa

Kila inapotangazwa kwamba riwaya ya kifantasia inayopendwa itafanywa filamu, mashabiki huanza kupekua. Picha ya kwanza ikitoka, hukagua rangi ya joho. Mwigizaji akitajwa, humpima kimo. Chanzo cha hayo yote ni imani iliyoota mizizi: kwamba filamu nzuri ni ile isiyoacha wala kubadili kitu. Imani hiyo ni potofu, na imewanyima watu wengi raha ya kutazama.

Chukua The Lord of the Rings, aliyoichapisha J.R.R. Tolkien mwaka 1954 na 1955. Mwongozaji Peter Jackson alipoitoa kwa filamu tatu, 2001 hadi 2003, alimwondoa kabisa mhusika Tom Bombadil, na wapo wanaomlaumu hadi leo. Lakini tazama alivyomfanyia mpiganaji Boromir. Kitabuni hatumwoni akipigana pambano lake la mwisho. Mwenzake Aragorn anamkuta ameegemea mti, mwili umejaa mishale. Boromir anakiri kwamba alijaribu kumpokonya mwenzao Frodo pete ya uchawi aliyoibeba, kisha anakata roho. Yaliyotangulia msomaji anajijazia mwenyewe. Mtazamaji hawezi kuachiwa pengo kama hilo, kwa hiyo Jackson akatuonyesha: mshale unamwingia, anayumba, anapigana, mwingine unamwingia, anainuka tena, huku hobiti wawili, wale watu wafupi anaowalinda, wakitazama. Toba ambayo Tolkien aliiweka katika maneno machache, hapa tunaiona ikilipwa kwa damu. Tena Jackson alikihamisha kifo hicho. Kitabuni kinafungua sehemu ya pili. Yeye alikiweka mwishoni mwa filamu ya kwanza, na filamu ikapata kilele.

Aliyebadili hivyo hakuharibu kitabu. Alikielewa.

Kujaza kila kitu nako hakuokoi. The Hobbit ya 1937 ni kitabu kimoja kifupi cha watoto. Jackson huyohuyo alikitandaza kwa filamu tatu, 2012 hadi 2014. Karibu matukio yote makubwa yamo, na mengine ameyaongeza, lakini ule uchangamfu wa shujaa wake, Bilbo, umefukiwa chini ya vita visivyokwisha.

Sisemi kwamba mwongozaji afanye apendavyo. Usaliti upo, ila haupatikani kwa kuhesabu sura zilizoachwa. Ursula K. Le Guin alimuumba Ged, shujaa wa Earthsea, akiwa na ngozi ya rangi ya shaba, na alifanya hivyo kwa makusudi, mwaka 1968, wakati mashujaa wa fantasia walikuwa weupe karibu wote. Televisheni ya Marekani ilipoitoa hadithi hiyo mwaka 2004, Ged akawa mzungu. Jina likabaki, visiwa vikabaki, uchawi ukabaki. Kilichotolewa ndicho kilichomfanya mwandishi aandike. Le Guin alipinga hadharani, na alikuwa na haki.

Sasa wanaoipenda Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi, riwaya ya 2018 iliyojengwa juu ya imani za Wayoruba, wanaisubiri filamu ya Gina Prince-Bythewood. Adeyemi alieleza kwamba aliiandika akiwa na uchungu wa watu weusi waliokuwa wakiuawa na polisi Marekani. Basi ndugu msomaji, ukiingia ukumbini, kitabu kiache nyumbani. Usitafute sura iliyokosekana; tafuta uchungu huo. Usipouona, lalamika kwa sauti kubwa, nami nitakuunga mkono.