Ufungaji wa Vinasa Mwenendo Usiachiwe Wababaishaji

Usalama wa abiria si jambo la kubahatisha. Ndiyo maana Serikali ilifanya vyema kuyataka mabasi ya masafa marefu yafungwe vifaa vya kunasa mwenendo wa gari. Tangu LATRA ilipochukua majukumu ya SUMATRA mwaka 2019, imeusimamia mfumo huo, maarufu kwa jina la VTS. Kifaa hurekodi kasi, mahali na saa, na dereva akivuka kilomita 80 kwa saa, king'ora humwonya.

Hata hivyo, kifaa hicho ni shahidi anayetegemea nyaya. Nyaya zikiungwa ovyo, ushahidi wake hauna thamani.

Wapo mafundi wanaounga king'ora, taa ya onyo au swichi ya stata kwenye waya wowote wanaoukuta. Huo ni ubabaishaji. Njia ya kutolea amri katika vifaa vya namna hii kwa kawaida hubeba mkondo mdogo tu wa umeme. Koili ya rilei ya kawaida ya volti 12 hutumia takriban miliampia 150, lakini honi hutaka ampia kadhaa. Kazi ya rilei ni kupokea amri hiyo ndogo na kuupitisha mkondo mkubwa kutoka kwenye betri, kupitia fyuzi yake yenyewe.

Aidha, koili inapokatiwa umeme hurudisha msukumo wa ghafla unaoweza kufikia mamia ya volti. Daiodi moja ya bei ndogo, ikifungwa sambamba na koili huku upande wake wenye mstari ukielekea kwenye chanya, huuzima msukumo huo. Isipokuwapo, kifaa cha thamani kubwa huweza kuharibika. Vilevile mabasi na malori mengi makubwa hutumia volti 24. Kuyafunga rilei ya volti 12 ni kuikaribisha hitilafu, pengine hata moto.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni rilei ya kuzima gari lililoibwa. Ikikata pampu ya mafuta gari likiwa katika mteremko kama wa Kitonga, usukani huwa mzito na breki hupungukiwa nguvu. Rilei hiyo yafaa ifungwe kwenye stata, ili gari lililosimama lisiwashwe, lakini lililo mwendoni lisizimwe.

Lisilovumilika kabisa ni swichi ya siri ya kukata umeme wa kifaa. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, kifaa chake kikizimwa kwa dakika 10, husafiri zaidi ya kilomita 13 bila shahidi. Mwenye gari anayeamuru jambo hilo na fundi anayelitekeleza wanachezea roho za watu, na sheria haina budi kuwafikia wote wawili.

Watumishi wa umma wana wajibu hapa. Ofisa usafirishaji asitie saini kupokea gari kutoka karakana kabla ya kuonyeshwa mchoro wa nyaya, fyuzi iliyo karibu na betri, na king'ora kilichojaribiwa kikalia. Mchoro huo uhifadhiwe katika jalada la gari, ili fundi wa kesho asifanye kazi gizani.

Walimu nao wasijione wako mbali. Koili, sumaku-umeme na daiodi vimo katika masomo ya fizikia. Mwanafunzi akiishika rilei mkononi na kuusikia mlio wake inapovutwa, huelewa kuliko kwa kukariri ubaoni. VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji navyo viendelee kuwapa mafundi wa mitaani mafunzo ya muda mfupi, kwani wengi wao wana bidii, wanachokosa ni mafunzo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huzibwa kwa daiodi, fyuzi na fundi aliyefunzwa. Ukuta wake hujengwa kwa misiba.