Mwenye Nyumba na Mpangaji: Waandikiane

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba wake na wote waliofuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, hapa Makangale, zamani mtu alijenga nyumba ili akae yeye na watoto wake, na mgeni alipokelewa kama mgeni. Leo hali imebadilika. Mwalimu aliyehamishiwa skuli ya kwetu, mhudumu wa afya, na kijana anayefanya kazi katika hoteli za ufukweni upande wa Ras Kigomasha, wote wanatafuta pa kulala. Aghalabu mwenye nyumba hupokea kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima, hutoa ufunguo, wakapeana mikono, na mambo yakaishia hapo. Karatasi hakuna.

Ukiuliza kwa nini, utapewa moja ya hoja mbili. Hoja ya kwanza ni kuwa sisi ni ndugu, tunaaminiana, na kuandikiana ni kutiliana shaka. Hoja ya pili husikika zaidi miongoni mwetu sisi tunaojinasibisha na daawa: kwamba mkataba unaofuata sheria za serikali si wa Kiislamu, basi tuuepuke. Kwa maoni yetu hoja zote mbili hazina msingi, na madhara yake huwaangukia wanyonge.

Tuanze na ya kwanza. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana. Waliosemeshwa humo ni walioamini, yaani watu wanaotarajiwa kuaminiana. Aya hiyo inatufahamisha kuwa maandishi ni uadilifu zaidi mbele ya Allah, huimarisha ushahidi, na huwaweka watu mbali na shaka. Kwa hiyo shaka huzaliwa pale kalamu inapoachwa. Ni kweli kuwa wanazuoni wengi wameiona amri hiyo kuwa ni ya mapendekezo, na kwamba aya inazungumzia deni. Lakini mwenye nyumba aliyepokea kodi ya mwaka mzima leo, je, hadaiwi makazi ya miezi kumi na miwili?

Tutazame pia Suratul Qasas, aya ya 26 hadi 28. Nabii Musa (a.s.) alipoajiriwa na yule mzee wa Madyan, walitaja muda kabla ya kazi kuanza: miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Hawakuachiana jambo la muda hewani, ilhali mmoja wao ndiye aliyekuja kuwa Mtume wa Allah.

Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika visiwa vyetu, wameshurutisha katika ijara kuwa manufaa yajulikane, muda ujulikane na malipo yajulikane. Wakasema hata kuwa mtu akipangisha kwa kauli ya "kila mwezi kiasi kadhaa" bila kutaja ni miezi mingapi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi ijara hiyo haisihi. Na je, si hivyo hasa ndivyo tunavyopangishana?

Sasa tuje kwenye hoja ya pili. Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, imetungwa tangu mwaka 1917. Inataka mkataba ufanywe kwa hiari, na watu wenye akili timamu na umri unaokubalika, kwa malipo ya halali na kwa lengo la halali. Lipi katika hayo linapingana na dini yetu? Nayo Sheria Namba 12 ya mwaka 1992 inasema kuwa ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na raia ana haki ya kuitumia. Kwa hiyo mwenye nyumba hapangishi zaidi ya nyumba yake na haki yake ya matumizi, na anapaswa kuonyesha kuwa ni zake. Ikiwa nyumba ni ya mirathi isiyogawiwa, mrithi mmoja hana idhini ya kupangisha mafungu ya ndugu zake, si kwa sheria wala kwa fiqhi.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitambui. Mahakama za Kadhi hapa Zanzibar, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017, husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi, wakfu na yanayofanana na hayo. Mgogoro wa kodi ya nyumba haumo. Atakayedhulumiwa atasimama mbele ya chombo kingine cha sheria, na huko ataulizwa: ushahidi wako uko wapi? Aliyeikataa karatasi kwa kudai anailinda Sharia atajikuta hana la kuonyesha, na haki aliyopewa na Sharia itapotea mikononi mwake.

Tuchukue mfano. Mzee amepokea kodi ya mwaka, na mwezi wa tatu akafariki. Warithi wanakuja kudai nyumba. Kwa madhehebu ya Shafi, kufa kwa mmoja wao hakuvunji ijara. Warithi wanarithi nyumba, na mpangaji anabaki mpaka muda wake umalizike. Lakini warithi watajuaje kuwa kodi ilikwishalipwa? Hapo ama mpangaji atatolewa kwa dhulma, ama mayatima watapunjwa na mpangaji mwongo. Karatasi moja ingewaokoa wote.

Basi yaandikwe mambo haya. Kwanza, majina ya pande mbili, na nyumba ilipo na mipaka yake. Pili, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Tatu, kiasi cha kodi, siku ya kulipa, na stakabadhi kwa kila malipo. Nne, matengenezo: kuta na paa ni juu ya mwenye nyumba, na akikataa kutengeneza, mpangaji ana khiari ya kuvunja mkataba, usafi wa ndani ni juu ya mpangaji. Tano, fedha ya dhamana, ikiwepo, itarudishwa lini na itakatwa kwa lipi. Sita, muda wa taarifa kwa anayetaka kuondoka au kuondoa. Saba, miti. Kwetu Pemba mara nyingi mwenye mti siye mwenye kiwanja, na ijara ni kuuza manufaa, haiingizi matunda. Basi iandikwe wazi minazi ya uani ni ya nani, kwani ugomvi mwingi huanzia kwenye nazi.

Mkataba utiwe saini mbele ya mashahidi waadilifu, kila upande ubaki na nakala yake, na ulipiwe ushuru wa stempu, kwa sababu mahakama huweza kuukataa mpaka ushuru huo ulipwe. Wapo wasiopenda kumwendea Sheha kwa sababu za siasa tunazozijua. Tusiache siasa ziharibu haki za watu. Asiyemridhia Sheha na amwendee wakili.

Kuna kifungu kimoja cha kukataa: kile kinachomtoza mpangaji nyongeza kwa kila siku au wiki anayochelewesha kodi. Kodi iliyochelewa ni deni, na nyongeza juu ya deni ni riba. Kifungu hicho hutiwa na watu wenyewe wanaponakili mikataba ya mijini bila kuisoma. Kifuteni, na badala yake andikeni kuwa akichelewa kwa muda fulani mkataba utavunjika kwa taarifa.

Kwa ndugu zetu waliopanga Dar es Salaam, fahamuni kuwa ardhi si jambo la Muungano na sheria ya huko ni nyingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakubali upangaji usiozidi mwaka mmoja hata kwa mdomo, na ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo ulinzi wenu mkubwa ni yale mliyoyaandika.

Mwisho tunawausia wenye nyumba: mkishapokea kodi, mlango ule si wenu mpaka muda umalizike. Suratun Nur, aya ya 27, imetukataza kuingia nyumba zisizo zetu bila ya idhini. Na tunawaomba maimamu waweke msikitini nakala ya mkataba wa mfano, na wawasomee waumini baada ya sala ya Ijumaa.

Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutimiza ahadi zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.